Buluu ya Keki Kwenye Miiba ya Kona ya Haugen

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Kamishna wa Kaunti, Bwana Gordon Rasch. Bwana Afisa wa Magugu. Ndugu mwakilishi wa kampuni iliyopewa kazi ya kupiga dawa. Wageni mliotoka mjini na majirani mliotoka trela ya pili:

Kwa heshima na taadhima, sisi wakazi wa Kona ya Haugen tunasimama mbele yako kusoma risala yetu. Ofisi yako ilituandikia ikituomba risala fupi ya shukrani. Kuhusu ufupi, tumejitahidi. Kuhusu shukrani, utaziona mahali zilipo.

KARIBU

Tunakushukuru kwa kufika. Viongozi wanaofika Kona ya Haugen kwa kawaida hufika kwa mashua, maana huja wakati wa mafuriko. Wewe umekuja kwa gari, kiangazi, viatu vikavu, na tumefurahi. Tunakuomba radhi kwa jinsi tulivyokuweka. Kiti chako tumekigeuza kitazame trela zetu, tumekigeuza makusudi, na sababu tutakueleza.

Tunakushukuru pia kwa kula. Tulipoandika risala hii hatukujua kama utakula. Ulipomaliza kipande cha pili cha pai, katibu wetu Rosalind Okerlund, ambaye ndiye anayekusomea, alichukua kalamu akaongeza maneno haya na mistari mingine mwishoni. Utamvumilia akifika huko, maana mwandiko wake wa haraka humshinda hata yeye.

HISTORIA YETU

Kona ya Haugen ni safu za trela, nyumba zetu za mabati zenye magurudumu, kati ya tuta la reli ya zamani na mto. Wazee wetu wengine walikuja kukata magogo, wengine walikuja kuchuma stroberi za watu wakabaki, na wengine walikuwa hapa kabla ya hao wote. Lami hatuna. Taa za barabarani hatuna. Basi la shule linaishia juu kwenye barabara kuu, na Rosalind ndiye dereva wake, kwa hiyo anajua. Tulicho nacho ni miiba.

Miiba hii unaifahamu, mgeni rasmi. Ndiyo ile inayojaza kila ukingo, kila kiwanja kilichosahauliwa na kila nyuma ya kituo cha mafuta katika jimbo letu la Washington. Watu huiita beri ya Himalaya, na wanaojua mambo hayo wanatuambia hata huko Himalaya haikutoka. Ililetwa kwa ajili ya matunda yake, ikapandwa bustanini kwa heshima zote, kisha ikaruka uzio. Tusieleweke vibaya. Hatuitetei kwa sababu ina tabia njema, maana haina. Mwiba wake unapita kwenye glavu ya ngozi. Ukiikata leo, baada ya mvua mbili unaikuta imeshika pale pale na imeongeza. Imemeza gari zima la Mzee Wendell Pete, lile la kijani, na hadi leo hajui kama funguo alizisahau ndani. Inazibana beri ndogo za asili, ambazo kila bibi hapa atakwambia ndizo tamu kuliko zote, na mierebi michanga haipati hata jua. Masika yote tunatoka na mundu na makasi kuirudisha nyuma ya uzio wetu. Hakuna ofisi iliyowahi kutusaidia kazi hiyo, na hatukuomba msaada.

Mzee Wendell, ambaye watu wake walivua samaki kwenye kona hii kabla haijaitwa ya Haugen wala ya mtu yeyote, alikuwepo siku Bwana Afisa wa Magugu alipokuja kutufundisha maana ya mmea vamizi. Bwana Afisa alieleza vizuri sana. Alisema mmea huu umetoka mbali, haukualikwa, umeshika ukingo wote, umewabana wenyeji, na sasa haukubali kuondoka. Mzee Wendell alimsikiliza hadi mwisho, akavua kofia, akamwuliza, "Kijana wangu, hapo bado unazungumzia mmea?"

Watu walicheka mpaka mkutano ukavunjika. Mzee akarudisha kofia kichwani. "Huu angalau umekuja na matunda," akasema.

Hivyo ndivyo tunavyoishi nao. Karibu mwaka mzima tunaupiga vita, na ukifika mwezi wa nane tunafanya amani nao kwa wiki chache, tukiwa na ndoo mkononi.

Liko jambo jingine la historia ambalo halimo kwenye makabrasha ya kaunti, nalo ni milango. Beri kubwa ziko katikati ya kichaka, na katikati hufiki bila kitu cha kukanyagia. Yale mafuriko makubwa yalipovunja trela za safu ya chini, kilichobaki kizima kilikuwa milango. Watu wakailaza juu ya miiba, wakapita. Tangu hapo mtu akihama au akifariki, trela yake ikaburutwa kwenda kuvunjwa, mlango unabaki kwetu. Unalazwa mbele ya ule wa mwisho, na njia inasogea. Kila mlango una jina la mwenyewe. Hapa ukimwuliza mtu amechuma mpaka wapi, atakwambia, "Nimefika kwa Castellano," na Castellano amekufa tangu sisi wengine hatujazaliwa.

Na kabla ya kuukanyaga tunapiga hodi. Waliotangulia walifanya hivyo kufukuza panya na rakuni waliolala chini yake. Sisi tunafanya kwa sababu ni mlango wa mtu.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu si ya kuandikia magazeti. Hakuna friza katika Kona hii isiyo na beri ifikapo Krismasi, hata ya mtu ambaye hana kingine cha kuweka ndani yake. Hakuna mazishi yaliyokosa pai. Mama yake Rosalind, katika wiki zake za mwisho, alikataa kila kitu isipokuwa juisi ya beri hizi kwa kijiko, na kijiko kile kilishikwa kwa zamu na majirani. Tunalitaja hilo kwa sababu tuliulizwa na ofisi yako, kwa maandishi, kichaka hiki kina faida gani kwa jamii.

Mafanikio ya pili ni ya kwako, mgeni rasmi, nasi hatutaki kuyapunguza. Ripoti ya kampuni, ambayo ofisi yako imeibandika kwenye ubao wa maktaba, inasema kwamba kichaka cha Kona ya Haugen kilipigwa dawa chote mwezi wa sita. Kwamba miiba imekufa hadi mizizini. Na kwamba ukingo uko tayari kupandwa. Ndiyo maana umekuja leo kufunua kibao kilichoandikwa UKINGO ULIOREJESHWA.

Sasa tunakuomba ugeuze kiti chako.

Tutasubiri.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ya kwanza ni kwamba hicho unachokiona hakijafa. Kinakuzidi urefu, kina matunda hadi juu, na hakijapigwa dawa hata tone moja. Jinsi ilivyotokea ni hivi.

Yule mama aliyekaa safu ya mbele, mwenye kofia ya majani, ni Ardis Tveit. Miaka mingi ndiye aliyekuwa akioka keki za harusi za bonde hili lote. Labda na yako. Mumewe, Lyle, alikuwa dereva wa lori la magogo. Alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi, na mlango wake, ambao Ardis aliung'oa kwenye trela yao akaweka mwingine, ndio wa mwisho kulazwa. Ni wa kijani, una tundu la paka kwa chini. Kila msimu Ardis huchuma hadi pale, hukaa juu yake na ndoo yake, na hakuna anayemsemesha mpaka atoke.

Mwaka jana, mwezi kama huu, walikuja watu wa mjini. Mtu alikuwa amewaonyesha njia kwenye simu. Walikuja na magari, ndoo na mbwa, na hawakupiga hodi kwa mtu yeyote, si wa kwenye trela wala wa kwenye miiba. Waliuchomoa mlango wa Okerlund, ule wa mama yake Rosalind, wakaupasua, wakawasha moto, wakachoma soseji. Ardis aliona moshi, akatoka.

"Huo ni mlango wa watu," akawaambia.

"Bibi, ni ubao tu umetupwa porini," akajibu mmoja.

"Una bawaba. Umeona wapi pori linaota bawaba?"

Wakacheka, wakamkaribisha soseji. Ardis alirudi ndani akalia, na alilia kwa hasira, sio kwa uzee. Mlango wa Lyle ulikuwa umbali wa milango michache tu kutoka pale moto ulipowaka.

Mwaka huu hakutaka kungoja wafike. Kila mtu wa bondeni anajua, hata mtoto wa chekechea, kwamba mafundi wa kupiga dawa huchanganya rangi ya buluu ili waone walikokwisha kupita. Tumeiona kwenye tuta la reli tangu utotoni. Ukiona jani la buluu, huli, hugusi, unamwita mbwa wako na kuondoka. Basi mwezi wa sita, kichaka kikiwa bado na maua, Ardis alitoa chupa za rangi ya keki zilizobaki tangu enzi za harusi, akaichanganya na maji kwenye chupa ya kusafishia vioo, akanyunyizia majani ya upande wote wa barabara. Maua aliyakwepa kwa ajili ya nyuki. Alikuwa katikati ya kazi hiyo Mzee Wendell alipopita.

"Dada Ardis, unaipamba kwa harusi ya nani?"

"Ya kwako. Pita zako kabla sijakupaka na wewe."

Alitaka kuwatisha watu wa soseji, basi. Hakujua kwamba kampuni inakuja, kwa sababu hakuna aliyetuambia. Tangazo lilibandikwa ofisini kwenu, mjini, ambako hakuna trela hata moja.

Siku chache baadaye walishuka vijana wawili wenye matangi mgongoni. Ardis alikuwa ameketi kwenye ngazi zake akibambua njegere. Vijana wakasimama mbele ya kichaka, wakatazama majani, wakatazamana.

"Mbona hii tayari?" akauliza mmoja.

"Watakuwa wale wa gari la kwanza," akajibu mwenzake, kisha akageuka. "Mama, shikamoo. Wenzetu walishapita hapa?"

"Marahaba. Macho unayo, mwanangu. Unaona nini?"

"Naona buluu."

"Basi hata mimi naona hiyo hiyo."

Wakaipiga picha buluu hiyo. Wakatua matangi yao, wakakaa kivulini, wakanywa maji, wakauliza kama pale dirishani ni pai inayonukia. Ilikuwa pai, na akawapa. Wakashukuru, wakaondoka. Hatuna kinyongo nao. Walitumwa kupiga dawa mahali wasipopajua, na waliamini walichokiona.

Lakini maua yaliangushwa na upepo, matunda yakaja, yakawa mekundu, yakawa meusi, na katika muda huo wote hakuna mtu wa kampuni wala wa ofisi yako aliyerudi kutazama. Ilitosha asimamishe gari juu kwenye barabara kuu na kushusha kioo. Badala yake yameandikwa maneno kwamba kichaka kimekufa hadi mizizini, na kibao kikachongwa.

Sisi hatukumtuma Ardis. Ila hadi jioni ya siku ile Kona nzima ilikuwa inajua, na hakuna aliyeinua simu kuwapigia. Tulicheka, tukala pai iliyobaki. Tunalisema hili tukiwa wima.

Tangazo lenu lile, ambalo tulilisoma baadaye, linasema atakayezuia kazi ya kaunti atapelekwa mahakamani. Linasema pia kwamba kichaka kikikutwa hai, dawa itapigwa wiki hiyo hiyo, hata matunda yakiwa juu, na nyuma yake litakuja tingatinga kuzoa kila kitu hadi jalalani. Kila kitu maana yake ni milango pia. Hilo ndilo tunaloliogopa, na hatuoni haya kusema tunaliogopa.

Tulimshauri Ardis jina lake lisitajwe leo. Tukamwambia tutaandika "mkazi mmoja." Alituangalia kama tulioleta sukari badala ya unga.

"Nimeandika majina ya watu kwenye keki maisha yangu yote," akasema. "Mara moja na langu lisomwe."

Tumelisoma.

MAOMBI

Tunaomba Ardis Tveit asiguswe. Kama kaunti inaona lazima mtu aitwe mahakamani kwa ajili ya chupa ya rangi ya keki, basi tuitwe wote tulionyamaza, na mtutafutie chumba kikubwa. Mzee Wendell ameomba awe wa kwanza kwa sababu ya umri, na kwa sababu mahakama ya kaunti ina viyoyozi.

Tunaomba dawa isipigwe hapa wakati kuna ua au tunda. Beri iliyopigwa dawa hung'aa kama ndugu yake ambaye hajapigwa, na buluu huondoka na mvua ya kwanza. Mtoto hawezi kujua. Mtu mzima pia hawezi.

Hatuji mikono mitupu. Upande wa mto tunauachia. Baridi ikiingia tutaukata wenyewe, tutang'oa mizizi wenyewe, tutapanda mierebi na zile beri ndogo za asili, na tutarudi kila masika kuhakikisha. Mkitaka kuleta mbuzi, leteni. Mbuzi tutawapokea vizuri kuliko tulivyowapokea wengine. Lakini katikati, kuanzia tuta la reli hadi kwenye uzio wetu, pale ilipo milango, panabaki kama palivyo.

Na safari nyingine mkija, pigeni hodi.

Ruhusa ya kuchuma hatuombi. Tunaanza kesho asubuhi.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, hapa ndipo inapoanza mistari ya kalamu.

Pai uliyoila imetoka kwenye kichaka hicho unachokitazama. Ardis aliichumia jana na kuioka leo alfajiri, na yeye mwenyewe ndiye aliyekula kipande cha kwanza. Kaa kwa amani. Hakuna kilichowahi kugusa kichaka kile isipokuwa rangi ya keki, na hata hiyo mvua iliiosha zamani. Tulitaka ulimi wako upate habari kabla ya masikio yako. Hilo tulilipanga, na kama ni kosa, liandikwe pamoja na mengine.

Liko moja ambalo hatukulipanga. Sahani ilipofika kwa ndugu mwakilishi wa kampuni, aliuliza beri ni za wapi. Rosalind alimjibu, "Za hapa nyuma." Ndugu mwakilishi akairudisha sahani, akasema yeye hali vitu vitamu. Kisha akatia vijiko vitatu vya sukari kwenye kahawa yake.

Alikuwa ameketi ubavuni mwako. Alikuona ukila kipande cha kwanza. Alikuona ukiomba cha pili. Hakusema neno.

Ripoti yenye saini yake inasema kichaka hiki kimejaa sumu. Ikiwa anaiamini, alikuacha ule. Ikiwa haiamini, basi alijua imeandikwa uongo, na wewe umeletwa hapa kuufunulia kibao. Hatujui ni lipi kati ya hayo. Unaweza kumwuliza, bado ameketi ubavuni mwako. Akikujibu, utajua ni nani katika mkusanyiko huu anayestahili kuitwa mbele ya kaunti, na kama ni mjane wa Lyle Tveit.

Kibao kiko pale. Fundi wa kukodiwa alikisimika wiki mbili tu zilizopita akaenda zake, na chipukizi limeshapanda nguzo na kuishika nguo iliyokifunika. Ukitaka kukifunua hatutakuzuia. Glavu ziko mezani. Ukiamua kukiacha, ndoo pia ziko mezani, na Ardis yuko tayari kukutangulia.

Mungu akulinde barabarani, akuzidishie afya na watu wa kukwambia ukweli kabla hujamaliza kula. Aibariki nyumba yako na mlango wake. Mlango wa kwanza utakaoukuta kule ndani ni wa Castellano, na wa mwisho ni wa kijani, una tundu la paka. Ukiufikia, piga hodi.

Ni sisi,
Wakazi wa Kona ya Haugen